Moshi Unapolala

Alfajiri ile moshi wa jiko la Cucu ulipanda wima mpaka usawa wa matawi ya chini ya mgrevilea, mti ambao huku watu huuita mukima, kisha ukasimama. Haukutawanyika wala kupotea. Ulijilaza ubavu, mwembamba, wa samawati iliyofifia, ukateleza polepole kuelekea bondeni. Huko ukakutana na moshi wa kwa jirani, na wa jirani wa jirani, mpaka mashamba yote yaliyo chini yetu yakafunikwa na dari moja. Juu ya dari hiyo vilele vya miti vilionekana wazi kabisa. Kengele ya kanisa lililo ng'ambo ya mto ikalia, na mlio wake ukanifikia kana kwamba imetundikwa kwenye ukingo wa paa letu.

"Moshi umelala," Cucu alisema akiwa mlangoni. "Leo jua hatulioni."

Nilikuwa Kianjokoma, juu ya mji wa Embu, pale kahawa inapoelekea kuishia na majani chai yanapoanza. Ulikuwa mwezi wa Julai. Cucu ni mama wa rafiki yangu wa miaka mingi, na kwa kuwa wajukuu wake wamejaa nyumba nzima, mimi pia nimezoea kumwita Cucu, yaani bibi, kama wao. Nilimwendea na swali ambalo nimelibeba tangu nikiwa mtoto wa shule. Kwa nini Julai nzima mawingu yanashinda juu ya vichwa vya watu wa Embu na Meru bila kujaza hata ndoo, na kwa nini mwezi wa Novemba jua linawaka mpaka adhuhuri, kisha ndani ya saa moja mito inafurika? Bahari inayoleta unyevu ni ile ile, na mlima ni ule ule.

Jibu lilikuwa limelala juu ya mashamba mbele ya macho yangu. Usiku ule mawingu yalikuwa yameachana kwa saa chache, na ardhi ikapoteza joto lake kuelekea angani. Hewa iliyogusa ardhi ikapoa, ikawa nzito, ikatiririka bondeni kama maji. Juu yake ikabaki hewa yenye joto zaidi. Moshi ulitoka jikoni ukiwa wa moto, ukapanda huku ukipoa, ukafika mahali ambapo hewa iliyouzunguka haikuwa baridi kuliko wenyewe. Pale ukakosa sababu ya kuendelea. Hata mlio wa kengele, ambao siku nyingine hupotelea juu, ulipindishwa na ile hewa ya joto ukarudishwa chini kwetu.

Hewa ikipanda hutanuka, kwa sababu uzito wa hewa iliyo juu yake umepungua, na ikitanuka hupoa hata kama haijagusa kitu chochote cha baridi. Aliyewahi kutoa upepo kwenye tairi la baiskeli akaweka kidole mbele ya vali anaujua ubaridi huo. Kiasi chake kinajulikana: karibu digrii 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mambo yote ya mvua na ukame wa siku yanategemea kile ambacho hewa hiyo itakikuta ikifika juu. Ikikuta wenyeji wa huko wana joto kuliko yenyewe, basi yenyewe ndiyo nzito, na itarudi ilikotoka. Hiyo ni hewa tulivu. Ikiwakuta wamepoa kuliko yenyewe, inakuwa nyepesi kati yao na inazidi kupaa, na kadiri inavyopaa ndivyo inavyopata nguvu. Hiyo ni hewa isiyotulia.

Halafu kuna mvuke, ambao huvuruga hesabu hiyo. Mvuke unapogeuka matone ya wingu hutoa joto ulilokuwa umelificha tangu siku ulipoondoka baharini. Kwa hiyo hewa iliyo ndani ya wingu hupoa polepole zaidi, digrii 5 au 6 hivi kwa mita 1,000. Hewa kavu inaweza kukaa kimya mahali ambapo hewa yenye unyevu, ikipata tu msukumo wa kwanza, ingepaa bila breki.

Kufikia saa mbili asubuhi dari ya moshi ilikuwa imemezwa na dari kubwa zaidi. Wingu lilipanda kutoka upande wa Mbeere, chini, likapita juu ya kahawa, likaukalia mlima. Lilikuwa la kijivu, sawasawa kama blanketi lililotandikwa vizuri, halina vichwa wala mabonde. Manyunyu yakaanza, yale ambayo hayasikiki juu ya bati lakini ukitoka uani nywele zinaota vitone vyeupe.

Watu wa pwani wanaufahamu upepo huu kwa jina, ingawa wengi wao hawajauona ukifanya kazi hii. Ni kusi. Mabaharia wa Lamu na Mombasa wanajua unavuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya kipupwe na kwamba bahari yake ni kali. Unatoka upande wa kusini wa dunia wakati huko ni majira ya baridi. Ukiingia bara, unavuka nyika za mto Tana, na baada ya takriban kilomita 400 unagonga ubavu wa Mlima Kenya. Mlima unausukuma juu, mvuke unageuka wingu. Hapo msafara unakwama, kwa kuwa juu ya tabaka hilo la hewa baridi yenye unyevu kuna hewa nyingine, kavu na ya joto, inayoshuka taratibu na kukaa kama kifuniko cha sufuria. Wingu linafika kwenye kifuniko na kufanya kile ulichofanya moshi wa Cucu: linajilaza na kutandaa.

Wingu la namna hiyo halina kimo cha kutengeneza mvua kubwa. Tone la mvua linahitaji safari ndefu ndani ya wingu, likigongana na wenzake na kunenepa, na humu safari ni fupi. Zaidi ya hayo, wingu linajilinda lenyewe. Limeziba jua, ardhi haipati joto, na ardhi isiyo na joto haiwezi kuisukuma hewa juu ili ikitoboe kile kifuniko. Ndiyo maana siku moja ya kijivu huzaa ya pili, na ya pili huzaa wiki.

Cucu ana maelezo yake. "Baridi hii inashushwa na mlima," aliniambia tukila nduma kwa chai. "Ile theluji." Nimesikia maneno hayo Nyeri, nimeyasikia Meru, na hata Nairobi kwenye matatu. Sikumbishia mezani kwake. Lakini theluji na barafu ya mlima imepungua mno katika kipindi cha uhai wa Cucu, barafu ya Lewis imebaki kipande tu, na baridi ya Julai bado ipo. Inatoka baharini, na inakaa kwa sababu jua limezuiwa.

Baridi hiyo ina gharama, na ningependa iandikwe zaidi ya inavyoandikwa. Cucu alinipeleka kwenye mibuni yake ya zamani, ya SL28, akapindua tawi. Buni changa zilikuwa na madoa meusi yaliyodidimia, nyingine zimekauka zikiwa bado zimeshika kikonyo. Ni ugonjwa ambao wakulima wa Kenya huuita CBD, na Watanzania chulebuni: kuvu inayopenda baridi na unyevu usiokauka, yaani hali ile ile inayoletwa na hewa iliyokataa kupanda. Mstari wa pili wa shamba lake ni Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 ili kuukabili ugonjwa huo, na mwanawe amepanda miche michache ya Batian, ya mwaka 2010, iliyopewa jina la kilele kirefu cha mlima uliokuwa umefichwa nyuma yetu. Mistari hiyo ilikuwa safi.

Na kuna jikoni. Siku hizo za hewa tulivu moshi hautoki. Mlango ulikuwa wazi, dirisha wazi, na bado ulining'inia kwenye usawa wa macho yangu, Cucu akipika akiwa ameinama chini yake kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Jioni, baridi ikizidi, watu wengi huingiza jiko la makaa ndani na kufunga kila kitu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haionekani na hainuki, na kila kipupwe huko milimani kuna familia ambazo haziamki. Usiku huo tulibishana kidogo juu ya jiko, mimi na mjukuu wake mkubwa, kwa sauti ya chini. Hatimaye likatolewa nje.

Siku ya tatu nilipanda matatu ya kwenda Meru. Barabara hiyo inazunguka ubavu wa mashariki wa mlima kama mkanda: Runyenjes, daraja la Thuci, Chuka, kisha kuteremka na kupanda mabonde makali ya Nithi na Mutonga. Sikuona mlima hata mara moja. Nilishuka Chogoria, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Meru na leo iko kaunti ya Tharaka-Nithi, nikatafuta gari la kunipandisha msituni kuelekea lango la hifadhi, karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari.

Tuliingia ndani ya wingu lenyewe. Miti mikubwa ya msitu ilidondosha maji ingawa hakuna mvua iliyokuwa ikinyesha, kwa kuwa ukungu ulijikusanya kwenye majani na kuanguka. Ikafuata mianzi, imeinamiana juu ya njia, na dereva akawasha taa saa nne ya asubuhi. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikawaza kwamba kama Cucu amesema kweli, basi kila mita tunayopanda inapaswa kutuongezea baridi.

Mianzi ikaanza kupungua, na weupe uliotuzunguka ukageuka kuwa mng'ao, kisha ukakatika. Tulitoka juani. Sijui neno jingine la kulitumia: tulitoka, kama mtu anavyotoka mlangoni. Anga ilikuwa ya buluu kali, jua likachoma shingo, nikavua jaketi, kisha sweta. Nyuma yetu, chini, kulikuwa na bahari ya mawingu iliyolala tambarare mpaka upeo wa macho, na mbali kaskazini-mashariki migongo ya Nyambene imejitokeza kama visiwa. Nilisimama pale nikiwa na joto, juu kabisa ya watu waliokuwa wakitetemeka. Kifuniko chenyewe nilikuwa nakitazama kwa juu.

Nilitamani Cucu angekuwa pale. Nilimpigia simu, mtandao ukanikatalia.

Meru niliifikia jioni. Kabla ya kuingia mjini unapita kibao cha Ikweta kando ya barabara, abiria wakiwa wamejikunyata na makoti ya baridi. Kesho yake nikapanda kuelekea Subuiga na Timau, na hapo hewa hiyo hiyo ikageuza sura kwa mara nyingine. Ikishauzunguka mlima na kushuka upande wa pili, haina tena wingu la kuipunguzia mwendo wa kupata joto: inarudishiwa zile digrii 10 kwa kila mita 1,000, nzima nzima. Mashamba ya ngano ya Timau yalikuwa kwenye jua na vumbi, na chini yake Isiolo ilionekana imeungua kwa ukavu.

Kwenye ubavu huo wa kaskazini-magharibi, mita 3,678 juu, Idara ya Hali ya Hewa Kenya ina kituo cha kupima hewa ya dunia kilichoanza kazi mwaka 1999. Huko mlima una pumzi yake. Mchana jua likipasha miteremko joto, hewa ya mashambani hupanda mpaka kituoni ikiwa na moshi na harufu ya maisha yetu. Usiku miteremko ikipoa, hewa hugeuka na kushuka, na vyombo vinapokea hewa safi ya kutoka juu kabisa. Wapagazi wa mlima hawahitaji vyombo kulijua hilo. Wanamwamsha mgeni saa nane usiku aanze kupanda kilele cha Lenana, afike jua linapochomoza, kwa kuwa kufikia saa tano asubuhi mawingu yatakuwa yameshafuata njia ile ile aliyopita.

Nilirudi mwezi wa Novemba. Cucu huiita vuli mvua ya mwere, kwa jina la nafaka tunayoiita uwele kwa Kiswahili, ambayo zamani ilipandwa kwa mvua hiyo. Safari hii nilipitiliza kwake asubuhi na mapema, nikateremka Mbeere, kwenye joto, mpaka Ishiara. Kusi ilikuwa imekwisha. Kaskazi ilikuwa inaanza kujipenyeza, pepo mbili zikikutana karibu na Ikweta na kubanana, na hewa inayobanwa chini haina pa kwenda ila juu. Kifuniko cha Julai hakikuwepo.

Asubuhi haikuwa na wingu. Udongo mwekundu uliwaka, na juu ya bati la duka nililokaa barazani pake hewa ilikuwa ikitetemeka. Ndengu zilikuwa zimeshachipua majani mawili mawili. Vijana wa boda boda walitafuna muguka wakitazama upande wa mlima. Saa sita hivi vikaota vipande vya mawingu, vyeupe, vyenye matako bapa yote katika usawa mmoja, pale mvuke unapoanza kugeuka matone. Vingi vilitokea na kuyeyuka. Kisha kimoja juu ya miinuko ya kuelekea Runyenjes hakikuyeyuka.

Nilikitazama kwa dakika zaidi ya arobaini bila kuondoa macho. Kichwa chake kilikuwa kikichemka. Povu lilitoka ubavuni, likatuna, likamezwa na povu jingine lililotoka chini yake, kama sufuria ya uji aliyoisahau mpishi. Kila tone lililozaliwa humo lilitoa joto lake, na joto hilo likasukuma hewa juu zaidi, ikazaa matone mengine. Kilipita kimo cha mlima, kikauacha chini. Mlima ni mita 5,199. Mawingu ya radi ya nchi zetu za Ikweta yanaweza kufika kilomita 16 au zaidi. Huko juu wingu lilisimama, kichwa kikatandaa pande zote kwa umbo la fuawe la mhunzi. Lilikuwa limefika kwenye tabaka la juu la anga ambako joto huongezeka kadiri unavyopanda, hewa tulivu kuliko zote, na nguvu zote zile zikalala ubavu kama moshi wa Kianjokoma.

Mzee mmoja barazani alisema redio ilitangaza mvua ya radi katika maeneo machache. "Machache ni wapi?" akauliza. "Mbona hawatuambii?" Wenzake wakacheka kwa uchungu. Nimekutana na lawama hiyo kila mahali, na nadhani watabiri wanaonewa. Puto linalorushwa kutoka Dagoretti Corner, Nairobi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Ishiara, hupima joto na unyevu hatua kwa hatua kwenda juu, na kutokana na vipimo hivyo mtaalamu anajua kama hewa ya leo itatulia au haitatulia. Anajua pia bahari ikoje: mwaka 2019, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopata joto kuliko kawaida, vuli iliendelea mpaka Januari. Lakini kujua uji utatokota ni jambo moja, na kujua povu la kwanza litaibuka upande gani wa sufuria ni jambo jingine. Nilimweleza mzee kwa mfano huo. Alifikiri, akasema, "Basi waseme hivyo."

Waseme hivyo. Nami naona ni dai la haki. Mkulima wa Mbeere akiambiwa tu "mvua" hajui kama aandalie manyunyu ya wiki nzima au kishindo cha saa moja kinachobeba mbegu zake mpaka mtoni.

Upepo ulitangulia. Mpaka wakati huo hewa ilikuwa ikivutwa kuelekea kwenye wingu, kisha ghafla ikageuka na kutupiga usoni, baridi, yenye harufu ya udongo ulioloa mahali pengine. Ilikuwa hewa iliyoshuka pamoja na mvua kutoka juu, ikasambaa ardhini kama maji ya ndoo iliyomwagwa. Mbuzi wakakimbilia ukutani. Mwenye duka akatuita sote ndani, na akamrudisha kwa ukali kijana mmoja aliyetaka kujikinga chini ya mgunga. Radi ya kwanza na ngurumo yake vilikuja pamoja. Mvua ikaanza kwa matone machache, makubwa, yaliyochimba vishimo kwenye vumbi. Kisha punje za mawe zikarukaruka barazani, ukubwa wa mbaazi, wazi kama kioo, na zilipovunjika zilionyesha moyo mweupe. Kwa dakika ishirini hatukusikiana. Mtaro wa barabara ukawa mto mwekundu.

Ilipokatika, jua la jioni likatokea upande wa magharibi, na joto lote la mchana lilikuwa limeondoka. Kilomita chache kuelekea Siakago, pale ile hewa baridi ilipokwenda kuinua hewa nyingine ya joto, wingu jipya lilikuwa likituna. Yule kijana alienda kutazama ndengu zake. Nusu zilikuwa zimesimama.

Nililala kwa Cucu. Asubuhi anga ilikuwa nyeupe kwa usafi, mlima uko wazi mpaka vileleni, na bondeni hewa ilikuwa baridi na nzito baada ya mvua. Moshi wa jiko ulipanda mpaka kwenye matawi ya mukima, ukajilaza.

"Moshi umelala," nikasema, nikitaka kuonekana nimejifunza. "Leo jua hatulioni."

Cucu alinitazama, akatazama moshi, akatazama mlima. "Hiyo ni ya Julai, mwanangu," alisema. "Sasa hivi jua litauamsha. Shika upande huo."

Tulikunjua turubai uani, tukamwaga magunia mawili ya buni, akaanza kuzitandaza kwa viganja, safu nyembamba, haraka haraka.

"Mpaka saa saba," akasema. "Saa saba tunaanua."

Ilikuwa bado saa moja na nusu, na ukingo wa juu wa moshi ulikuwa umeanza kumeguka.